Siku Hamsini za Pasaka: Namna ya Kuishi Ufufuko Nyumbani, Sokoni na Jumuiyani

Kwaresima ina siku 40, Pasaka ina siku 50. Hata hivyo, katika nyumba nyingi za Kikatoliki nguvu zote huishia kwenye zile 40: Njia ya Msalaba kila Ijumaa, mfungo, kuungama, bahasha ya sadaka. Mkesha unapita, pilau inaliwa, Jumatatu ya Pasaka watu wanapumzika, na ikifika Jumanne nyumba imesharudi ilipokuwa kabla ya Jumatano ya Majivu. Tatizo kubwa hapa ni ratiba. Kila mtu anajua Ijumaa ya tatu ya Kwaresima inamdai nini. Muulize Alhamisi ya wiki ya tatu ya Pasaka inamdai nini, atakutazama tu.

Mwongozo huu unakipa kipindi cha Pasaka ratiba yake. Umeandikwa kwa familia na jumuiya za Kikatoliki, ila kusoma Matendo ya Mitume, kulipa madeni, kupatana na kutembelea wagonjwa ni mambo ambayo ndugu Walutheri, Waanglikana na wengine wanaweza kuyachukua yalivyo.

Kalenda, mshumaa na kopo

Anza na kalenda ya ukutani. Dominika ya Pasaka ihesabu kuwa siku ya 1. Siku ya 8 ni Dominika ya Huruma ya Mungu, jina ambalo Papa Yohane Paulo II aliipa mwaka 2000. Siku ya 40 ni Alhamisi ya Kupaa Bwana, ingawa mahali ambapo maaskofu wameihamisha huadhimishwa Dominika inayofuata. Siku ya 50 ni Pentekoste. Kwa mwaka 2027, Pasaka ni tarehe 28 Machi, Alhamisi ya Kupaa ni 6 Mei na Pentekoste ni 16 Mei. Zungushia tarehe hizo kwa kalamu nyekundu, mahali ambapo hata watoto wanaziona.

Tafuta vitu vitano: Biblia yenye herufi zinazosomeka kwa mwanga hafifu, mshumaa mmoja mnene, chupa ndogo ya maji yaliyobarikiwa kwenye mkesha, daftari, na kopo la sadaka. Mshumaa usimamishe ndani ya glasi yenye mchanga, mbali na pazia na chandarua. Maji ya baraka yaweke karibu na mlango katika chupa safi yenye kifuniko. Yakianza kuwa na ukungu yamwage ardhini penye mmea, usiyamwage chooni wala kwenye mfereji wa maji machafu. Yanakukumbusha ubatizo wako. Ukianza kuyanyunyiza dukani ili wateja waje, umeshayageuza hirizi.

Kopo linahitaji kiasi kidogo kisichokatika. Shilingi 500 za Tanzania kwa siku zinafanya 25,000 kwa siku 50. Shilingi 200 zinafanya 10,000. Mlengwa atajwe siku ya kwanza: mjane fulani wa jumuiya, sare ya mtoto fulani, dawa za mgonjwa fulani. Kopo lisilo na mlengwa hukopwa. Leo nauli, kesho gesi, na wiki ya tatu limebaki na sarafu. Nyumba yako ikiwa ndivyo ilivyo, kila Jumamosi peleka kilichopatikana kwa mtunza hazina wa jumuiya, aandike.

Siku nane za kwanza

Kanisa huzichukua siku nane hizi kama siku moja ndefu ya sherehe. Sala ya Malaika wa Bwana hupumzika hadi Pentekoste, na mahali pake husaliwa sala ya Malkia wa Mbingu: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana na saa 12 jioni. Husaliwa watu wakiwa wamesimama, na hiyo ina asili ya zamani sana, kwani Mtaguso wa Nisea, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, uliagiza kusali kwa kusimama siku za Dominika na siku zote hamsini. Aliyefufuka amesimama, nasi tunasimama naye. Kama familia haijawahi kuisali sala hiyo, ibandike ukutani na muisome badala ya kujilazimisha kuikariri. Kufikia siku ya kumi watoto watakuwa wanaijua kuliko ninyi.

Ijumaa ya oktava, yaani ya siku hizi nane, haina sharti la kuacha nyama, kwa sababu ni siku ya sherehe. Hapa wengi hukosea kwa kudhani Ijumaa zote za Pasaka ziko hivyo. Kuanzia wiki ya pili Ijumaa inarudi kuwa siku ya toba, kwa kuacha nyama au kwa tendo jingine kadiri maaskofu wa nchi walivyoelekeza.

Jambo linalowaangusha wengi wiki hii ni kurudisha kila kitu walichokiacha. Chukua daftari, andika ulivyoviacha katika Kwaresima, kisha vigawe mafungu matatu. Fungu la kwanza ni mambo mabaya yenyewe: fitina, michepuko, matusi, kubeti kwa ada ya shule. Hayo hayarudi hata kidogo, maana hayakuachwa kwa mfungo, yalipaswa yasiwepo. Fungu la pili ni mema matupu: nyama, chai ya sukari, soda, muziki. Hayo yarudi kwa furaha na shukrani. Fungu la tatu ndilo la kulitazama kwa makini, yaani vile ambavyo si dhambi lakini vilikuwa vimekushika, kama pombe, simu usiku na vijiwe vya mpira. Hivyo usivirudishe bila kipimo kilichoandikwa. "Nitapunguza pombe" ni maneno tu. "Bia mbili, Jumamosi pekee, na mke wangu anajua" hicho ni kipimo. Na kama ulipoacha pombe mikono ilitetemeka au hukupata usingizi siku kadhaa, hapo pana ugonjwa unaotaka daktari pamoja na sala, na kurudi kunywa kidogo hakutakufaa.

Sura 28 kwa wiki saba

Wakati wote wa Pasaka, somo la kwanza la Misa hutoka Matendo ya Mitume. Kitabu hicho kina sura 28, na kati ya Pasaka na Pentekoste kuna wiki saba kamili. Sura nne kwa wiki, Jumatatu hadi Alhamisi, kinakwisha siku tatu kabla ya Pentekoste. Ijumaa mnasali vituo viwili vya Njia ya Mwanga, ambayo ina vituo 14 kuanzia ufufuko hadi kushuka kwa Roho Mtakatifu. Ijumaa saba zinavimaliza. Jumamosi ni ya jumuiya, Dominika ni Misa.

Muda unaofaa ni dakika 20 kabla ya chakula cha usiku. Baada ya chakula watoto wanasinzia, na mkubwa anataka taarifa ya habari. Washeni mshumaa, imbeni ubeti mmoja wa wimbo wa Pasaka, kisha someni sura kwa kupokezana, aya tano tano, na mtoto wa darasa la tatu apewe sehemu yake hata akikwama kwenye majina. Nyamazeni kama dakika moja. Kila mmoja arudie aya moja iliyomgusa, bila kuieleza. Halafu ulizeni swali moja tu: nani katika sura hii alifanya jambo tunaloweza kulifanya kesho? Jibu liandikwe daftarini kwa sentensi moja. Maombi mafupi, Baba Yetu, mshumaa uzimwe.

Wiki zenyewe hazina uzito sawa. Wiki ya kwanza (sura 1 hadi 4) inaishia na Barnaba anayeuza shamba na kuweka fedha miguuni pa mitume. Wiki ya pili (5 hadi 8) ndiyo inayochoma: Anania na Safira wanaodanganya kuhusu bei ya kiwanja, kisha manung'uniko ya wajane waliosahauliwa katika mgao wa kila siku. Sura ya 7 ina aya 60, igaweni mara mbili, nusu asubuhi na nusu jioni. Sura ya 8 iwekeeni muda, kwa sababu humo yumo Mwethiopia aliyekuwa akisoma Isaya garini mwake, akabatizwa njiani na kwenda zake akifurahi. Watoto wajue kwamba Mwafrika yumo mapema hivyo katika habari za Kanisa.

Wiki ya tatu (9 hadi 12) ina Saulo njiani kuelekea Dameski, Tabitha mshonaji wa nguo za wajane, na mchango wa Antiokia wakati wa njaa, ambapo kila mtu alitoa kadiri ya uwezo wake. Usomeni huo siku mnayohesabu kopo. Wiki ya nne (13 hadi 16) ina Paulo na Barnaba wakigombana juu ya Marko hadi kutengana, na hiyo huwapa faraja wana jumuiya waliokwaruzana. Wiki ya tano (17 hadi 20) ina Akila na Prisila, mafundi wa mahema, na kijana Eutiko aliyesinzia dirishani Paulo alipoongeza maneno, akaanguka kutoka ghorofani. Wiki mbili za mwisho ni mashtaka, magereza na safari ya meli iliyobeba watu 276, na kitabu kinaishia Roma, Paulo akiwa katika nyumba ya kupanga, mlango wazi kwa kila ajaye.

Ratiba hii hufa kwa njia mbili. Ya kwanza ni baba au mama kugeuza somo kuwa mahakama: "Umesikia, wewe mtoto unayedanganya?" Siku mbili tu na watoto watakuwa na kazi nyingi za shule kila ikifika saa ya sala. Ya pili ni kukosa siku tatu kisha kutaka kufidia sura tatu usiku mmoja. Msifidie. Anzeni na sura ya siku hiyo, zilizopita zisomeni mkipata nafasi.

Amani na madeni: wiki ya 2 hadi ya 5

Neno la kwanza la Yesu kwa wanafunzi waliojifungia ndani lilikuwa "Amani iwe kwenu", na waliolisikia ni watu waliomkimbia. Kwa hiyo kazi ya wiki hizi ni kupatana. Usiwabebe maadui wote wa miaka 20 kwa mpigo. Andika majina yasiyozidi matatu, uanze na la ugomvi mwepesi.

Kosa likiwa lako, litaje lilivyo: "Nilikusema vibaya mbele ya majirani siku ile ya kisima. Nilikosa. Naomba unisamehe." Acha kabisa "kama nimekukosea, nisamehe." Neno hilo "kama" linamfanya mwenzako athibitishe upya kwamba aliumia, na ugomvi unaanza mwanzo. Nenda wewe mwenyewe, au na mtu mmoja mnayemheshimu wote wawili. Kwa wanandoa, wasimamizi wenu wa ndoa wanafaa kuliko marafiki. Usifanye hivyo msibani, usifanye harusini, usiandike kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Ukikataliwa, shukuru uondoke, na usirudi kesho yake na ujumbe wa wazee sita. Umefungua mlango, mwenzako ataingia kwa miguu yake.

Hapa lazima isemwe wazi: kusamehe si kurudi kwenye kipigo. Mke anayepigwa, mtoto anayedhulumiwa, hawadaiwi na Pasaka warudi chini ya dari ileile ili ionekane kuna amani. Waende Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, kwa paroko, kwa ndugu wenye busara, na usalama utangulie. Mwanajumuiya anayewashinikiza "wayamalize ndani" anabeba dhambi ya mwingine.

Madeni yana utaratibu wake. Orodhesha yote. Yanayotangulia ni mishahara: dada wa kazi aliyefika miezi miwili bila kulipwa, vibarua wa shamba, fundi uliyemwambia aje kesho. Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele hizo humfikia Bwana. Kama ni mwajiri, weka humo pia makato ya mfuko wa hifadhi ya jamii uliyowakata wafanyakazi bila kuyapeleka. Baada ya mishahara yanafuata madeni madogo kwa watu wadogo, kama daftari la dukani, muuza maziwa na mama wa maandazi. Makubwa yanakuja mwisho, kwa mpango ulioandikwa: deni la 140,000 ukiligawa kwa wiki saba ni 20,000 kila wiki. Anayekudai akikuona unapeleka 20,000 Jumatatu tatu mfululizo, kwa kawaida uhusiano umeshapona kabla deni halijakwisha.

Vya wizi na udanganyifu havifutiki kwa kuungama peke yake. Padre anaweza kukuondolea dhambi, lakini mali bado ni ya mwenyewe. Mwenyewe akiwa amekufa, warithi wake wapo. Asipojulikana kabisa, thamani yake iende kwa maskini. Si lazima ujitangaze. Unaweza kumtumia paroko airudishe bila jina.

Na kama hukuungama katika Kwaresima, usione aibu kwamba umechelewa. Kanisa linadai komunyo walau mara moja kwa mwaka, hasa wakati wa Pasaka, na dhambi nzito ziungamwe walau mara moja kwa mwaka. Siku ya kawaida ya wiki hakuna foleni kama ile ya Juma Kuu, na padre ana muda wa kukusikiliza. Nenda ukiwa na dhambi zako. Za mumeo ziache.

Kazini na sokoni

Mfanyabiashara apime mizani yake: weka juu yake pakiti ya sukari ya kilo 1 iliyofungwa kiwandani, uone inasoma nini. Makopo ya kupimia maharage na mchele yaangaliwe kitako. Yaliyobonyea kwa ndani yatupwe, maana kila kipimo kinaiba konzi. Anayenunua mazao vijijini aache lumbesa. Sheria ya vipimo inaikataza, na hata isingekataza, mkulima anayejaziwa gunia hadi kilemba juu yake analipwa gunia moja kwa jasho la gunia na robo.

Wa ofisini atengeneze sentensi ya kukataa rushwa kabla rushwa haijafika. Wanaokubali wengi wao hawakuwa wamepanga kukubali. Walikosa tu la kusema. "Karatasi zako zimekamilika, hudaiwi kitu" yatosha. Dereva wa bodaboda arudishe simu iliyosahauliwa bila kutaja bei.

Jumuiya: wagonjwa na wabatizwa wapya

Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walipozipa jumuiya ndogondogo kipaumbele mwaka 1976, walitaka Kanisa liwe mtaani ambako watu wanaishi. Basi Jumamosi moja katika kila mbili, jumuiya isali kwa nusu ya muda wake, nusu nyingine itoke.

Kwa mgonjwa waende watu wasiozidi watatu. Kwanza mpigieni anayemuuguza, muulize saa inayofaa na kinachohitajika. Mara nyingi itakuwa sukari, unga wa uji, sabuni ya mche. Kaeni dakika 20 hadi 30. Sala isizidi dakika tano, kwa sauti ya chini. Msikae kitandani, msipige picha, msiulize jina la ugonjwa, na jirani yenu aliyekufa kwa dalili zilezile asitajwe kabisa. Kabla ya kuondoka mmoja achote ndoo mbili za maji au aoshe vyombo. Anayeuguza amechoka kuliko mgonjwa. Mgonjwa akitaka Komunyo, mhudumu ajulishwe siku moja kabla, na nyumbani kuandaliwe meza ndogo yenye kitambaa cheupe, mshumaa na glasi ya maji. Mpako wa Wagonjwa uombwe mapema. Familia nyingi humwogopa padre mlangoni kana kwamba analeta kifo, wakati sakramenti hiyo ni ya kumtia nguvu aliye mgonjwa sana, hata anapotarajiwa kupona.

Waliobatizwa kwenye mkesha ndio wanaosahauliwa kwa uchungu zaidi. Miezi ya mafundisho walikuwa na katekista kila wiki. Baada ya picha za kanisani hawana mtu. Zamani, Afrika ya Kaskazini, Askofu Agustino wa Hippo alikuwa akiwahubiria wabatizwa wapya katika oktava hii hii, akiwafafanulia sakramenti walizozipokea. Jumuiya ifanye lake: kila mbatizwa mpya apewe familia moja, imwalike chakula mara tatu kabla ya Pentekoste, impitie wakati wa kwenda Misa, na kufikia wiki ya tano awe na kazi yenye jina, iwe kusoma somo, kufagia kanisa au kuimba kwaya. Msimamizi wa ubatizo aulizwe na mwenyekiti, bila haya, mara ya mwisho alimwona lini mtoto wake wa kiroho.

Siku tisa za mwisho

Novena ya Roho Mtakatifu huanza Ijumaa baada ya Alhamisi ya Kupaa, hata pale Kupaa kulikohamishiwa Dominika. Mwaka 2027 ni tarehe 7 hadi 15 Mei. Siku ya kwanza ni ya shukrani, mkisoma Matendo 1:12-14, mitume wakidumu katika sala pamoja na Maria. Siku saba zinazofuata ombeni kipaji kimoja kimoja: hekima, akili, shauri, nguvu, elimu, ibada, uchaji wa Mungu. Kila kipaji kiombewe jambo mahususi: shauri kwa binti anayechagua chuo, nguvu kwa kaka anayeacha pombe. Siku ya tisa fungueni daftari, msome sentensi zote mlizoandika tangu sura ya 1.

Dominika ya Pentekoste kopo linafunguliwa na fedha zinapelekwa kwa mkono siku hiyohiyo, na mtoto mmoja awepo. Jioni familia ichague zoea moja tu la kubaki nalo: dakika 20 za Neno, au Jumamosi ya mgonjwa, au lile deni la kila Jumatatu. Kanisani mshumaa wa Pasaka unahamishwa kwenda penye kisima cha ubatizo. Jumatatu inayofuata ni kumbukumbu ya Bikira Maria Mama wa Kanisa, iliyowekwa mwaka 2018, na saa 6 mchana mnarudia Malaika wa Bwana.